Eda ya Nakamarra Mbele ya Baraza

Kwa miaka ishirini na saba Myra Nakamarra alifua mashuka ya hospitali ya Harkness, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumlaumu kwa ukimya. Aliimba akijaza mashine na kusimulia akianika. Madaktari waliokuja kutoka mijini kwa mikataba ya miezi sita waliondoka wakiujua ukoo wake kuliko maradhi ya wagonjwa wao. Mumewe alimshinda kwa maneno. Ndoa yao ilidumu miaka arobaini na mmoja, na majirani walieleza kwamba iliwezekana kwa sababu hakuna kati yao aliyepata nafasi ya kusikia malalamiko ya mwenzake.

Sasa alikuwa katika wiki ya tano bila neno.

Mwanamke wa Kiwarlpiri, kabila la wenyeji wa asili wa jangwa la Australia, akifiwa na mume hukaa eda, na eda yao ni ya mdomo. Huhamia kambi ya wanawake, jilimi, nje kidogo ya mji. Hunyoa nywele, hujipaka udongo mweupe usoni na kifuani, na hasemi tena mpaka ndugu wa marehemu watakapomfungua kinywa: miezi minane, mwaka, pengine miwili. Mikono haihesabiwi kuwa imefiwa. Mikono husema yote, na lugha yao hiyo ya vidole ina maneno ya kutosha kuagiza chai, kugombana, hata kumsengenya mtu aliyekaa hapo hapo.

Jina la marehemu nalo hufungwa. Ukimwita mtu aliye njiani atageuka, na huyu alikuwa katika safari isiyofaa kugeuka. Kwa hiyo aliitwa Kumunjayi, yaani yule asiyetajwa, na wajina wake wote wakawa Kumunjayi siku hiyo hiyo: fundi wa matairi, golikipa wa timu ya mji, na mbwa wa mwalimu mkuu, ambaye hakuonyesha kuathirika.

Kumunjayi huyu alikuwa amehudhuria vikao vya Baraza la Harkness kwa miaka minane, kila Jumanne ya tatu ya mwezi, akiwa amechana nywele na kuvaa shati la vifungo. Alikaa kwenye kiti kimoja kando ya dirisha, akasubiri dakika zake tatu za mwananchi, akasema jambo lile lile. Alitaka Baraza likiri, kwa maandishi na kwa mdomo, kwamba mji umesimama juu ya ardhi ya baba yake na babu yake.

"Wanajua," alikuwa akimwambia mkewe. "Nataka waseme tu."

"Na wakisema?"

"Basi nitatafuta kazi nyingine ya Jumanne."

Baada ya miaka minane, madiwani wanne kati ya saba walikuwa tayari. Tarehe ya kura ikapangwa. Katikati ya Januari, jua likiwa kali kiasi cha mbwa kukataa kubweka, alichuchumaa kubadilisha gurudumu la Toyota yake na hakuinuka.

Kura ilibaki pale pale kwenye ratiba, kwani ratiba za baraza hazifiwi.

Asubuhi ya Jumanne yenyewe binti yao, Tanya, aliyefanya kazi mapokezi ya kliniki, alifika jilimi na gari la kazini na karatasi mkononi. Wanawake walikuwa wakinywa chai ya kopo, mkia wa kangaruu ukiwa chini ya majivu. Nakamarra alikaa ameegemea tenki la maji. Hatua tatu kutoka kwake alikaa wifi yake, Connie Napaljarri, dada mkubwa wa marehemu, ambaye tangu mazishi alikuwa amehamishia godoro lake karibu ili kumfariji mjane, na ili kusikiliza kama anaota kwa sauti.

"Shangazi," Tanya alisema, "kuna jambo."

"Kama ni kunirudisha kliniki, mguu umepona."

"Si mguu. Hoja ya leo. Wameweka jina ndani."

"Jina gani?"

Tanya aliangalia chini. "Hilo."

Makopo ya chai yalisimama njiani kwenda midomoni.

"Nani kaliweka?" Napaljarri aliuliza.

"Karani, Brandreth. Anasema ni heshima. Litasomwa kwenye kipaza sauti leo, halafu kila mwezi kikao kikifunguliwa. Na litachongwa kwenye bamba la shaba mlangoni."

"Heshima! Mtu mzima na ndevu zake! Nenda ukamwambie alifute."

"Nimemwambia saa mbili. Amekuwa mweupe kuliko alivyozaliwa. Lakini anasema hoja ikishachapishwa lazima isomwe neno kwa neno. Ukigusa hata neno moja ni hoja mpya, na hoja mpya inataka taarifa ya siku saba. Ijumaa baraza linavunjwa kwa ajili ya uchaguzi, na mama Tolhurst hagombei tena. Wale wanne watakuwa watatu."

Napaljarri alimimina chai yake mchangani. "Basi ife," alisema. "Kaka yangu haitwi."

Mikono ya Nakamarra ilipanda. Miaka minane, ilisema. Kiti kile kile. Shati nilipiga pasi mimi.

"Najua nani alipiga pasi."

Sitaki aitwe, ilisema mikono. Na sitaki ife.

"Wifi yangu anataka mvua inyeshe na nguo zikauke."

Mikono ilijibu kwa kasi iliyomfanya Tanya ageuze uso, kwa maana mtoto ana mipaka ya kusoma yanayosemwa na mama yake.

"Usinipigie kelele," Napaljarri alisema. Lakini aliinuka akatafuta ndara zake mbili zisizofanana, na wanawake wengine tisa wakainuka naye. Hakuna aliyesema wanakwenda kufanya nini, kwa sababu hakuna aliyejua.

Ukumbi wa Baraza ulikuwa na kiyoyozi chenye mngurumo, picha za wenyeviti waliopita, na viti arobaini vya wananchi, ambavyo kwa kawaida thelathini na tisa vilikuwa vitupu. Saa nane mchana wanawake kumi na mmoja wenye udongo mweupe walikaa safu ya pili. Kiti cha kando ya dirisha walikiacha.

Mwenyekiti alikuwa Vern Stacey, muuza pampu za visima, ambaye kabla ya hapo alikuwa dalali wa mnada wa ng'ombe. Kila mtu Harkness alikubali kwamba ana adabu, na hapo ndipo ulipokuwa ugumu wake. Alikuwa mmoja wa watatu waliopinga, na kwa miaka minane hakuwahi kumkatisha Kumunjayi hata sekunde moja. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akaita ajenda inayofuata.

"Kabla ya yote," alisema, "poleni sana kwa msiba. Nimeelezwa na karani kwamba familia ina shida na maandishi. Baraza hili halina moyo wa jiwe. Familia ikitaka, tunaahirisha sasa hivi."

"Mwenyekiti, ukiahirisha umeiua, na unajua," alisema Faye Tolhurst, diwani aliyeileta hoja, mwalimu mstaafu aliyekuwa akizungumza na kila mtu kana kwamba amechelewa kurudisha daftari.

"Mimi naheshimu mila, Faye. Wewe huheshimu?"

Madiwani wawili walicheka puani. Brandreth, karani, aliishika karatasi yake kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa jirani.

"Nitamwuliza mfiwa mwenyewe," Stacey aliendelea, na sauti yake ikawa laini zaidi. "Mama Myra. Una pingamizi jina la mumeo lisomwe? Ndiyo au hapana. Ukisema ndiyo, tunaahirisha. Ukisema hapana, tunasoma."

Napaljarri aligeuza shingo polepole akamtazama wifi yake mdomoni.

Nakamarra alisikia neno likipanda kooni. Alikuwa ameulizwa kwa upole, na yeye ni mtu aliyelelewa kujibu. Alizaliwa kwenye ranchi ya ng'ombe, akapelekwa jikoni kwa bibi mwenye ranchi akiwa na miaka tisa, na kitu cha kwanza alichofundishwa kwa Kizungu kilikuwa kuitikia anapoitwa. Ulimi ulikuwa umekwisha kujipanga nyuma ya meno. Aliufunga mdomo kwa nguvu hata udongo ukapasuka mashavuni.

Tanya alisimama. "Mama yuko edani. Hasemi. Mnajua hasemi."

"Basi aseme nani?"

"Mwaka jana mlimruhusu mtu wa kampuni ya lami azungumze kwa simu akiwa kitandani kwake."

"Alizungumza, binti. Hiyo ndiyo tofauti." Stacey alifungua viganja. "Sina haraka. Lipo pingamizi, tunaahirisha. Hakuna, tunasoma. Mlango wa tatu siuoni. Nawapa dakika mbili mshauriane."

Ilikuwa ukarimu wa mtu aliyehesabu milango yote na kukuta funguo ziko mfukoni mwake.

Nakamarra aliutazama mdomo wa mwenyekiti, uliokuwa bado unasogea. Kiyoyozi kilinguruma na nusu ya maneno hayakumfikia. Akakumbuka chumba cha kufulia. Mashine tatu zikizunguka kwa pamoja, msimamizi alikuwa akipiga kelele kutwa nzima, akatoa maagizo yake yote, na hakuna aliyeweza kushtakiwa kwamba aliyasikia.

Mikono yake ikaanza kazi, chini, juu ya sketi.

Kilio, ilisema.

Napaljarri alijibu bila kuinua viwiko. Sasa?

Kwenye jina lenyewe. Kabla halijatoka.

Kilio si king'ora, wifi. Hatulii kwa sababu tunataka kitu.

Tumelia nyumbani, ilisema mikono ya Nakamarra. Tumelia kaburini. Tumelia pale gurudumu lilipokuwa. Mahali alipopazoea panaliliwa. Hapa je? Tumelia hapa?

Napaljarri aliangalia kiti cha dirishani. Plastiki yake ilikuwa imefifia upande mmoja, upande wa bega. Alikaa akikiangalia mpaka mwenyekiti akatazama saa. Kisha kidole chake kimoja kikagusa goti la jirani, na habari ikasafiri safu nzima, mkono kwa mkono. Kwa muda huo kulikuwa na vikao viwili ukumbini, na kimoja kilikuwa na nidhamu. Stacey aliona wanawake wazee wakikung'uta vumbi nguoni.

"Dakika zimekwisha," alisema. "Mmeamuaje?"

Tanya alisoma mkono wa mama yake, akausoma tena kwa kutoamini. "Hakuna pingamizi," alisema. "Isomwe."

Mwenyekiti alikuwa amejiandaa kwa jibu lingine. Alimpa karani ishara.

Brandreth alisogea kwenye kipaza sauti akiwa na uso wa mtu anayekwenda kung'olewa jino la mwenzake. "Baraza la Harkness linakiri," alisoma, "kwamba mji huu umejengwa juu ya ardhi ya Wawarlpiri, ambao hawakuiuza, hawakuigawa wala hawakuiacha..." Kidole cha Tanya kilifuata mistari kwenye nakala yake. "...ardhi ambayo mababu walimkabidhi marehemu..."

Kidole kikainuka.

Sauti iliyotoka kwa Nakamarra haikuwa neno. Ilianza juu, ikashuka kwa ngazi, na kabla haijafika chini Napaljarri aliipokea, na kabla hajaishusha wengine tisa walikuwa wameingia. Kipaza sauti, ambacho kazi yake ni kutochagua, kilikamata yote na kuyarudisha ukutani maradufu. Midomo ya Brandreth ilionekana ikisogea. Kisha ikafungwa, na wanawake wakanyamaza.

"...na jamaa zake wote, waliopo na watakaokuja," karani alimalizia kwa sauti nyembamba.

Nyundo ya mwenyekiti iligonga. "Hiyo haikusikika! Rudia."

Alirudia. Hawakuiuza, hawakuigawa wala hawakuiacha. Kidole kilipanda, na kilio kikafika kwenye neno kikiwa kimewahi kwa pumzi moja.

"Mheshimiwa," alisema diwani mmoja wa upande wa Stacey, mikono masikioni, "mimi nina shinikizo la damu."

"Mnavuruga kikao," Stacey aliwaambia wanawake. Adabu ilikuwa imeanza kumchanika mshononi. "Nitawatoa nje."

"Wafiwa?" aliuliza Tolhurst. "Wewe si ndiye unayeheshimu mila?"

Stacey alinyoosha mkono akaichukua karatasi kwa karani. Wote waliomjua walielewa. Mtu huyu alikuwa ameuza fahali mia tatu kwa siku katikati ya vumbi na milio yao, bila kipaza sauti, na mnunuzi wa safu ya mwisho alimsikia. Alisimama, akavuta pumzi, lakini hakuanza mwanzo. Aliitazama karatasi, akawatazama wanawake, na Tanya akaona kwamba hatapita kwenye mistari. Anakwenda kwenye jina moja kwa moja. Kidole cha Tanya kilitangatanga juu ya karatasi bila mahali pa kusimama. Napaljarri alimtazama Tanya, Tanya akamtazama mama yake.

Nakamarra hakuwa akimtazama yeyote kati yao. Alikuwa akitazama taya la Stacey.

Alikuwa ameliita jina lile kwa miaka arobaini na mmoja. Aliliita kutoka mlangoni, kutoka mtoni, juu ya mngurumo wa mashine tatu, kwa hasira, kwa chakula tayari, gizani bila sauti. Hakuna mtu Harkness aliyejua kama yeye mdomo unakaa vipi kabla halijatoka. Aliuona ukikaa hivyo kwenye uso wa muuza pampu, na kwa mara ya kwanza tangu Januari akamwona mumewe waziwazi, amesimama barabarani, amempa mgongo, bega moja limeanza kugeuka.

Akalia.

Hakungoja wenzake, na wenzake hawakuhitaji kungojwa. Kama jina lilitoka, lilitoka kwa mwenyekiti peke yake na likabaki naye. Alionekana akilisema, mishipa ya shingo imesimama, kisha akamaliza, akakaa chini. Kilio kiliendelea. Mara mbili za kwanza kilikuwa kimekoma kwa wakati, kama mashine iliyozimwa. Sasa hakikuwa na swichi. Napaljarri aliegemea kiti cha dirishani, paji la uso kwenye ile plastiki iliyofifia, akimlilia kaka yake kama alivyomlilia siku ya kwanza, na Nakamarra alikuwa amepiga magoti sakafuni akiwa amemkumbatia wifi yake kiunoni. Hakuna aliyegonga nyundo. Tolhurst alivua miwani. Diwani wa shinikizo la damu aliangalia picha za wenyeviti waliopita, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba ataulizwa mtihani.

Walipochoka, ukumbi ulibaki na kiyoyozi tu.

"Hoja haijasomwa," Stacey alisema. Sauti ya mnada ilikuwa imemwishia.

Brandreth alikohoa. Alikuwa karani kwa miaka kumi na tisa na hakuna aliyekumbuka kumsikia akimpinga mtu aliyekaa juu yake. "Imesomwa, mheshimiwa. Kanuni inataka isomwe mbele ya kikao. Mara mbili nimeisoma mimi, na sehemu yake umeisoma wewe. Nikiruhusiwa kuongeza, zipo hoja nyingi za baraza hili ambazo hazikupata kusomwa hata mara moja."

"Piga kura," alisema Tolhurst.

Mikono minne ilipanda. Kisha mitatu. Stacey alihesabu mwenyewe, kwa utaratibu, akatangaza kwamba hoja imepita, akawashukuru wananchi kwa kuhudhuria na akaita ajenda inayofuata, iliyohusu mbwa wasio na leseni.

Nje, kwenye maegesho, joto liliwapiga kama mlango wa tanuri. Brandreth aliwakimbilia akiwa hana kofia.

"Mama Napaljarri. Nilidhani ni heshima."

"Ni heshima," Napaljarri alimjibu. "Ya kwenu."

"Nimeandika taarifa ya marekebisho. Jina litoke, waandikwe ukoo, na kwenye bamba vilevile. Siku saba zitatimia kabla baraza jipya halijakaa." Akashusha sauti. "Ila tamko linasomwa mwanzo wa kikao. Marekebisho yanakuja baadaye. Kwa hiyo mara moja tu... mara moja zaidi..."

"Saa ngapi?" Napaljarri akauliza.

Garini Napaljarri hakumsemesha wifi yake mpaka walipopita daraja. Kisha alisema, macho barabarani, "Nilikusikiliza vizuri. Hukutoa neno." Usiku huo godoro lake lilirudi upande wa pili wa tenki.

Kikao cha kwanza cha baraza jipya kilikaa Aprili. Mwenyekiti alikuwa mgeni kazini, mwanamke kijana mwenye duka la vifaa vya shule, na alikuwa ameonywa na karani. Wanawake kumi na mmoja walikuwa safu ya pili, udongo mpya usoni. Alisoma tamko kwa makini: hawakuiuza, hawakuigawa wala hawakuiacha, ardhi ambayo mababu walimkabidhi marehemu. Hapo aliinua macho. Vifua kumi na moja vilikuwa vimejaa pumzi.

Mwenyekiti alikohoa. Alikohoa kwa muda unaotosha jina zima la mtu na la baba yake, akanywa maji, akaendelea na jamaa zake wote, waliopo na watakaokuja. Kumbukumbu za kikao zinaonyesha kwamba tamko lilisomwa.